Kumtafutia Mjane wa Cimpunda Mwalimu wa Piano

Eulalie aliniambia mbele ya mlango wake, kule juu Cimpunda, mlimani Bukavu, huku anachambua maharage: "Papa, weye unapitaka kila fasi. Unitafutie mwalimu wa piano."

Nikafikiri ni kwa ajili ya mjukuu. Akasema hapana, ni yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, fundi wa kushona yunifomu za shule, mjane wa wiki tatu.

Mume wake, Jacques, alikuwa sentineli, mlinzi wa lango, miaka ishirini na sita katika nyumba moja kubwa ya Muhumba, kule chini karibu na ziwa. Wenye nyumba walipohama wakamwachia piano. Piano ya kweli, ya mbao, nzito kama ng'ombe aliyekataa kusimama. Wanaume wanane waliipandisha Cimpunda kwa zile ngazi za udongo, wakiitukana hatua kwa hatua. Jacques hakujua kuipiga. Kila Jumamosi aliipangusa vumbi, anabonyeza sauti moja tu, anamwambia mke wake: "Hii iko ya kwako. Siku moja utajifunza." Hakuna mtu mwingine aliyeyasikia maneno hayo, na shida yote ilitokea hapo.

Siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu wa Jacques aitwaye Alphonse, mchuuzi wa mbao kule Kadutu, aliketi katika baraza la familia akaanza kuelekeza kidole. Koti, langu. Baiskeli, yangu. Redio, apewe shangazi. Kidole kikafika kwenye piano.

"Hii nitauzisha ku hoteli. Wakikataa, nitaipasua. Iko mbao muzuri sana."

"Shemeji, hiyo Jacques alinipatiaka miye," akasema Eulalie.

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

Watu wakacheka. Alphonse akangoja wamalize, maana alipenda kuchekewa.

"Sikia, we mwanamuke. Mutu anapewa jembe ju analima. Weye na hii kitu, unalima nini? Kama iko yako, piga tusikie."

Eulalie hakuisogelea piano.

"Munaona? Hata kuku akitembea juu yake italia. Kuku ana haki kukupita."

Hapo akasema Shangazi Feza, mkubwa wa ukoo ule. Ni mwanamke mkavu, hapendi watu, na anayemchukia zaidi ni Eulalie, kwa sababu hakumzalia Jacques mtoto wa kiume. Akagonga fimbo chini. "Muache kelele. Siku ya kuondoa matanga, apige wimbo ya kumuaga Jacques, hapa mbele yetu. Akipiga, inabakia. Akishindwa, Alphonse abebe. Imeisha."

Matanga yangeondolewa baada ya miezi mitatu. Kwa watu wale, neno la shangazi likishatoka barazani halirudi, hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha. Eulalie alilijua hilo, Alphonse pia alilijua, ndiyo maana alitoka pale anapiga mluzi. Nani angemfundisha mwanamke wa cherehani piano katika miezi mitatu?

Mtu wa kwanza niliyempata ni Guylain, mpiga klaviye, kile kinanda cha umeme, katika kanisa moja la uamsho. Kijana wa miaka thelathini, viatu vya kuchongoka, anapenda kusalimiwa kwanza. Alikubali, lakini hakukubali kupanda mlima. Eulalie akawa anateremka kila alasiri mpaka kanisani, wakati waimbaji hawapo.

"Maman, hivi njo vidole ao mihogo?"

"Mihogo inashibisha batu. Fundisha."

Akamfundisha. Siwezi kumnyima Guylain sifa hiyo. Wiki ya sita Eulalie alikuwa anapiga ule wimbo, mkono wa kuume na wa kushoto pamoja, kwenye vibao vyeupe tu. Watu wa kanisa walipita wakicheka, wengine wakamwambia arudi kwenye sindano zake, naye hakuinua kichwa.

Jumamosi moja Guylain akakubali kupanda kuijaribu hiyo piano. Nilikuwepo. Akaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Inawakiaka wapi?"

"Haiwashwi," Eulalie akasema. "Inapigwa tu."

Akapiga. Ikalia vizuri, ile sauti nene inayotoka ndani ya mbao. Halafu akamwambia Eulalie aimbe, naye akaimba jinsi watu wa hapa wanavyoimba: mtu anafungua kinywa mahali roho yake inapotaka, na mpigaji anamfuata. Wimbo ukaenda juu, piano ikabaki chini. Wakawa kama watu wawili wanaogombana kila mmoja kwa lugha yake. Guylain akanyoosha kidole kando, mahali alipozoea, akagusa mbao. Akapapasa chini. Akapapasa nyuma, akatoka na utando wa buibui kwenye mkono. Akafungua kifuniko.

"Buto ya kupandisha sauti iko wapi?"

Lazima nieleze. Vijana wetu wengi hujifunza kupiga kwa namna moja tu, kwenye vibao vyeupe. Waimbaji wakianza juu, mpigaji anabonyeza buto, kitufe cha klaviye, mashine yenyewe inapandisha sauti, na vidole vyake vinabaki palepale. Kazi inaenda na Mungu anasifiwa, hakuna anayeuliza. Lakini piano ya mbao haina buto. Wala mimi niliyemtafuta Guylain sikulijua hilo.

"Haina," akasema Eulalie polepole.

"Basi hii haiko piano. Iko kabati! Maman, umenipotezea wiki sita."

"Weye njo mwalimu! Ungeuliza!"

"Miye niko mwalimu wa klaviye. Hii kitu, mutafute mufu akuje kuifundisha!"

Akatoka bila kufunga mlango. Kabla jua halijazama mlima wote ulikuwa unajua habari ya kabati, na kesho yake Alphonse akatuma fundi mwenye futi kuja kuipima piano, ajue atatoa mbao ngapi. Eulalie akamfukuza kwa maji ya kufulia.

Zilibaki wiki tatu kasoro siku chache. Nikakumbuka kwamba kule Katana anakaa muzee Isidore, aliyepiga kinanda cha kanisa miaka thelathini, na aliyejifunza kwa mapadri kabla hata buto hazijagunduliwa. Nikapita njia ya Miti, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya gunia za makaa. Nilimkuta anawapa sungura majani.

"Nani amekutuma?"

"Mjane mmoja wa Bukavu, Papa. Anatafuta—"

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Miye nimemaliza. Nilifundisha batu bane." Akaonyesha vidole vinne. "Bote bane walinisukuma ku kinanda yangu, moja nyuma ya ingine. Wa mwisho alikuja na klaviye, akaniambia: Muzee, enda upumzike. Niko napumzika. Unaona sungura? Enda."

Sikwenda. Nikamweleza tu, kama mtu anayezungumza na sungura, habari ya Guylain na buto.

Isidore akaacha majani. "Aliitafuta buto? Ku piano?"

"Hata nyuma. Alitoka na buibui."

Akacheka cheko baya, la mtu aliyekaa siku nyingi bila kucheka. Halafu akatema mate. "Nitakuja. Si ju ya huyo mwanamuke, simujui. Nakuja ju ule mujinga asikie piano inalia bila buto."

Akaja, akalala kwa mpwa wake, mtaa wa Nguba, na kila asubuhi alipanda Cimpunda akihema na kulaani ngazi. Hakuwa na salamu. Aliketi kwenye kiti cha Jacques, ameshika mwiko alioutwaa jikoni, na Eulalie akikosea anampiga vidoleni.

"Uko unapiga ao unashona?"

"Nashonaka tangu miaka makumi tatu."

"Inaonekana. Toboa kitambaa, usinitoboe masikio."

"Nipige na huo mwiko tena, Papa Isidore, utaona nitakukorogea nini nayo."

"Koroga. Lakini kidole ya ine, ya pete, inalala. Iamushe."

Siku ya tano Eulalie akauliza lililokuwa linamkosesha usingizi. Watakapoanza kuimba kwa sauti wanayoitaka wao, yeye atawafuata namna gani?

"Hautaweza," akasema Isidore. "Kuwafuata kila fasi wanapanda, hiyo ni miaka sita, na miye sina miaka sita ya kukutazama. Sikia. Hapa kwetu mupigaji anakimbia nyuma ya waimbaji sawa mutoto wa imbwa. Piano haikimbiake. Anza weye, wao wakufuate. Wakianza mbele yako, weka mikono ku magoti. Nyamaza mpaka wamalize."

"Wakinicheka?"

"Watakucheka. Nani alikuambia watakupenda?"

Siku ya kuondoa matanga ilikuwa Dominika, baada ya misa. Eulalie alipika tangu alfajiri: bugali, sombe ya majani ya muhogo, sambaza za ziwani, maharage, na mbuzi mmoja. Turubai ilifungwa juu ya ua, na piano ikasogezwa hadi mlangoni ili wote waione. Alphonse akafika na wanaume wanne. Walikuwa na kamba. Wakaziweka chini karibu na miguu ya piano, bila aibu, kama wachimba kaburi wanaongoja maiti. Guylain naye alikuja, akasimama kwenye ua wa jirani, mikono mifukoni. Isidore alikuwa ameketi nyuma, karibu na sufuria.

Shangazi Feza akasema: "Eulalie, kaa."

Kabla hajafika kwenye kiti, Alphonse akauanzisha wimbo yeye mwenyewe, juu kabisa, mishipa ya shingo imesimama. Familia ikadakia. Eulalie akaketi, akaweka mikono kwenye magoti. Wakaimba beti zote tatu. Wimbo ukaisha.

"Munaona?" akasema Alphonse. "Tumemuimbia Jacques, kabati imekaa kimya. Mushike kamba."

Wale wanne wakainama. Hapo Eulalie akapiga.

Sauti ilikuwa chini, nzito, na mmoja wa wale wanaume akaiachia kamba kama imemuunguza. Mwanamke mmoja upande wa nyuma akafungua kinywa kutaka kufuata.

"Hakuna kuimba!" Alphonse akapiga kelele. "Mutu akiimba, nitamujua!"

Kinywa kikafungwa. Eulalie akapiga peke yake, mbele ya watu arobaini waliomkazia macho. Ubeti wa pili alikosea mara mbili. Akakohoa mtu, kwa makusudi. Eulalie akarudi nyuma, akaanza tena mstari ule, akaendelea. Ubeti wa tatu aliupiga kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua wenyewe wako ndani. Akamaliza, akarudisha mikono magotini.

"Hiyo haiko wimbo," Alphonse akasema. "Wimbo inaimbwa. Nani ameimba? Hakuna."

"Nani amewakataza?" akauliza Shangazi Feza.

Akagonga fimbo chini kama siku ile.

"Nilisema apige. Sikusema muimbe. Amepiga mubaya, lakini amepiga. Inabakia."

Eulalie akasimama kutaka kumshika mkono. Shangazi akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge.

"Usinishukuru. Neno yangu njo imekusaidia, si miye. Umetaka mbao kuliko batu ya bwana yako, basi ukae na mbao. Kwako sitakula."

Akaondoka. Na kwa sababu yeye hakula, hakuna aliyeweza kula. Wote arobaini wakamfuata kwenye ngazi, Alphonse wa mwisho na kamba zake begani. Mtu akikataa chakula cha kuondoa matanga, amesema kwamba undugu uliokuwepo umezikwa pamoja na marehemu. Kila mmoja anajua, haihitaji maneno. Guylain naye alikuwa ameshaondoka. Isidore alimtafuta kwa macho juu ya ukuta, akasikitika kwamba hakupata nafasi ya kumtukana.

Sufuria zilibaki zimejaa. Eulalie alisimama katikati ya viti vitupu, hakulia, alikuwa anavifunga vidole na kuvifungua. Isidore akajipakulia sahani, akaketi.

"Wimbo ulikuwa mubaya," akasema, mdomo umejaa. "Sombe iko sawa."

Mpaka leo, wakikutana na Eulalie sokoni Kadutu, wa ukoo wa Jacques wanahamia upande wa pili wa njia. Alphonse anatema mate kwanza, ndipo anahama. Eulalie anaendelea kushona yunifomu. Na kila Jumanne, ukipita chini ya ngazi zile za Cimpunda, utawasikia yeye na muzee wa Katana wanagombana kwa sauti kubwa juu ya wimbo wa pili, na piano katikati yao.