Vumbi la Nguo za Watu

Saa moja asubuhi, pikapu ya mgodi inarudi nyuma taratibu hadi mlangoni, na mabunda ya ovaroli yanashushwa uani. Mama Povu, kama wateja wanavyomwita, hayagusi yakiwa makavu. Anachukua mpira wa maji, anayalowesha mpaka yatiririke tope la kijivu, ndipo anafungua kamba.

"Zamani tulikuwa tunakung'uta kwanza," anasema. "Vumbi likiingia kwenye mashine, mashine inakufa."

Mkung'utaji alikuwa mumewe. Leo amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkono kifuani, akihema kama mtu aliyepanda ngazi. Hajapanda ngazi yoyote, ametoka kitandani.

Walianza na mabeseni mawili na ovaroli arobaini kwa wiki. Sasa ni mia sita, mashine nne, na watoto wao wawili wanafanya kazi humo humo. Ukipita barabarani utasema hawa wameukata.

Kilichowaponza ni ustaarabu. Majirani walianika nguo zao kwenye ua huo huo, na mume hakutaka kuwachafulia. Kwa miaka tisa aliingiza mabunda chumba cha nyuma, akafunga mlango na dirisha, akakung'uta humo peke yake.

"Nilikuwa natoka kijivu mpaka kope, watoto wananikimbia," anasema, na kicheko kinageuka kikohozi. Mkewe anangoja kiishe. "Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nguoni mwa watu."

Daktari amewaambia mapafu yaliyokakamaa hayarudi. Dawa za kumpa nafuu zinakula karibu nusu ya mapato, na mapato yanatoka kwenye ovaroli zile zile.

"Nikiacha, dawa nitanunua na nini?" anauliza Mama Povu.

Jirani mmoja alipokuja kumjulia hali mgonjwa, akasikia habari za chumba kile, aligeuka kuzitazama kamba za kuanikia uani. Kisha akasema, "Jamani, shemeji, si mngetuambia? Tungeanua tu."

Siku hiyo Mama Povu alilia kuliko siku ya daktari.

Mgodi sasa unataka kumwongezea ovaroli mia mbili. Amekubali, ili ajenge banda la kufulia lisilo na ukuta hata mmoja, watoto wafanyie kazi penye upepo. Nguzo zimeshasimama.

"Namwomba Mungu banda limkute," anasema kwa sauti ndogo, akimtazama mumewe. "Na yeye akae humo, apate hewa."

Mumewe amesikia. "Basi bati msilicheleweshe," anasema.