Kando ya Barabara Iko Wapi?

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale nikaambiwa mzee wa baiskeli amefariki. Alikuwa akivuka barabara pale Ruharo, mjini kwetu, anasukuma baiskeli yake yenye gunia la maharage. Kushoto magari yalikuwa yamesimama kwenye foleni. Kulia hapakuwa na kitu, akaingia. Ndipo bodaboda iliyochoka kusubiri ikachomoka kwenye foleni, ikapita upande usio wake, ikamzoa. Nina hasira tangu siku hiyo, na msomaji wangu anivumilie.

Marehemu alikuwa Mkongomani wa Kivu Kusini, mkulima kule kambini, na maharage tunayokula nyumbani kwangu Kakiika yalitoka kwake. Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa ameshika kitenge cha mwanamke asiyemjua. Mwanamke yule, mgeni kabisa nchini, alikuwa ametazama kushoto kwa makini, kama alivyozoea kwao, ambako magari hushika kulia, kisha akatia mguu barabarani. Pikapu iliyotoka upande wa pili ilipita karibu mno hata kilemba kikamdondoka. Akamgeukia mzee kwa ukali: "Unanivutia nini?" Mzee akakiachia kitenge. "Mama, huku motokari zinakuyaka na kuume. Anza kuangalia kuume, kisha kushoto. Kule kwetu tuliachaka kule."

Kumbe hiyo ilikuwa kazi yake ya kila Jumapili. Baada ya ibada aliwapanga wageni uwanjani, akachora barabara mavumbini kwa fimbo, yeye na baiskeli yake wakawa lori. Nilialikwa nikaona. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini aliyegeuza shingo upande usiofaa alirudishwa mwanzo, awe mzee wa kanisa au bibi harusi. Yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa amewazika watu.

Wakati mmoja nilidhani atapigwa. Alikuwa anasukuma mzigo wake mjini, na lori la jeshi nyuma yake linapiga honi bila kukoma. Askari dereva akashuka, uso umekunjamana. "Mzee, toa hiyo baiskeli kwa barabara. Hii ni ya gari. Wewe enda kando." Mzee akajibu polepole, bila kuachia usukani, "Kando iko fasi gani, afande?" Askari akainua mkono kumwonyesha, akabaki ameuinua. Upande mmoja palikuwa na mtaro wazi, upande mwingine bodaboda zilizoegeshwa na meza za nyanya. Akaushusha. "Sawa, mzee. Pita." Akarudi kwenye lori, akamfuata taratibu mpaka kwenye kona, bila honi. Mimi nilipumua. Nikajiuliza ni wangapi kati yetu tunaoendesha magari tumewahi kushuka tukatazama wanapokanyaga wenzetu.

Mji wetu umekua na tunajivunia. Tumepanua lami, na kila tulipoipanua tulimega pa kutembelea. Wanaokwenda kwa miguu na baiskeli ndio wengi, lakini tunawafanya wadoezi wa barabara. Mkutanoni mtaani kwetu nilipotaja matuta na njia ya waenda kwa miguu, jirani yangu mmoja alisema wakimbizi wafundishwe kuvuka. Walikwisha kufundishwa, tena na mwalimu asiyelipwa na mtu.

Tulimzika Nakivale. Msibani waliniambia, kwa nia njema, kwamba ajali haina kinga. Sikukubali, na sikubali hadi leo. Jioni mjane wake aliniita pembeni. Jumapili ijayo, alisema, atawapanga wageni yeye mwenyewe, maana malori ya wakimbizi hayajakoma. "Wewe unaandikaka. Uandike," akaniambia. "Nitabafundisha kuangalia. Lakini bwana yangu aliangalia."

Basi nimeandika. Ninaloweza kusema ni hili: kumfundisha mtu kujihadhari ni wema, na tuendelee nao. Lakini aliyejihadhari akifa, tuache kulitafuta kosa kwenye maiti.