Mikwaruzo ya Vidole

Fundi wa studio husikiliza huku jicho moja kalifumba, na kitufe hukizungusha kwa ncha za vidole, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Gitaa likisikika kavu mno hulitilia mwangwi kidogo, likiwa kali huupunguza ukali. Mikwaruzo ya vidole kwenye nyuzi huifuta mmoja mmoja, akinung'unika, "Toka, toka wewe," utadhani anafukuza kuku jikoni.

Jana alikuja mjane wa mpiga gitaa, kusikiliza wimbo ambao marehemu aliurekodi hapo kabla ya kuugua. Fundi alikuwa ameusafisha ukatakata. Mama akausikiliza hadi mwisho, mkoba mapajani.

"Gitaa nimelisikia, mwanangu," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Fundi akalifumba tena jicho lake moja. Akaupunguza mwangwi mpaka kidole gumba kikasikika kikigusa uzi kwa nyama yake, si kwa ukucha. Akairudisha mikwaruzo yote, na ile pumzi ya marehemu iliyotoka puani kila mkono wake ulipohama. Alipofumbua jicho, mama alikuwa amesogea hadi pembeni mwa benchi, kama mtu anayempisha mwenzake akae.