Jicho la Bibi kwenye Njia ya Maswa

Muuguzi alinishika bega pale mlangoni mwa wodi ya macho, akaniambia taratibu kama mtu anayekabidhi kitu: Bibi asikohoe, asiiname, asitapike, asirushwerushwe. Kesho asubuhi wenzake watapita zahanati ya kwetu kufungua bandeji. Mpaka hapo, jicho liachwe litulie.

"Mmekuja na nini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha pawatila ya mjomba pale nje, kile kitrekta cha kulimia, na tela yake nyuma. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akatoka mwenyewe kwenda kulibonyeza godoro nililotandika juu ya magunia ya pumba. Akalibonyeza huku, akalibonyeza kule.

"Nenda polepole," akasema. "Sana."

Watu wataniuliza kwa nini sikukodi gari. Bibi yangu hapandi gari lililofungwa. Akishafungiwa mlango na kusikia harufu ya petroli, hata mjini hamjatoka, ameshatapika. Na kutapika ndiko kulikokatazwa kuliko vyote. Kwenye tela anapata upepo, anaona mbali, yaani alikuwa anaona mbali zamani, na mdogo wangu wa kike anakaa naye amempakata kichwa.

Jicho lake la kushoto lilikufa nikiwa bado nasoma. Hili la kulia ndilo lililokuwa limebaki, nalo likaingia mtoto wa jicho, ukungu mweupe kidogo kidogo hadi akawa anatujua kwa nyayo. Moshi wa jikoni ulikuwa umeyafanya macho yote mawili kuwa mekundu miaka mingi. Na kwetu mama mzee mwenye macho mekundu, anayepapasa kuta na kukosea mlango wa jirani, watu huanza kusema ni mchawi. Walikuwa wameshaanza. Nyumba ya pili kutoka kwetu walikuwa wameacha kutuma watoto kuja kuomba moto. Bibi akaacha kutoka. Kwa hiyo lile halikuwa jicho la kuonea tu. Lilikuwa ndilo litakalomrudisha kukaa kati ya watu.

Tukatoka Bariadi jua likiwa bado juu, tukashika njia ya Maswa.

Mimi nikishika usukani wowote huwa naona basi nitakaloendesha siku moja. Hata wa pawatila, ambao ni mikono miwili tu kama pembe za ng'ombe, na injini inayopiga tu-tu-tu mbele ya magoti yako. Naona basi langu, lina mapazia ya bluu na kiti cha kulala. Siku ile nikawatangazia abiria wangu wawili: "Abiria wa Mwamapalala, mnaombwa kufunga mikanda!"

"Funga mdomo wako kwanza," Bibi akasema kutoka kwenye godoro. Mdogo wangu akacheka. Tulianza vizuri.

Lakini ilikuwa msimu wa pamba, na msimu wa pamba barabara ile inakuwa ya kila mtu. Malori yanatoka vijijini yamejaza mpaka turubai zimevimba. Mikokoteni ya ng'ombe. Baiskeli zimebeba mafurushi ya pamba yaliyolala kwa upana, huoni mwendeshaji, unaona furushi jeupe linatembea. Na mbele yangu, hatujafika popote, nikakuta furushi moja la namna hiyo. Mzee wa watu anakanyaga pedali kwa nguvu zote, kwenye kilima, baiskeli inayumba huku na huku. Pawatila na baiskeli kwenye kilima mwendo ni mmoja. Siwezi kumpita.

Nyuma yangu honi ikalia.

Mtu wa pawatila hana kioo cha nyuma. Macho yangu ya nyuma ni mdogo wangu. "Noah ya abiria," akanipigia kelele. Baadaye kidogo: "Noah na pikipiki." Halafu: "Kaka, wamekuwa wengi."

Kawaida ningeshuka pembeni niwapishe, sote tunafanya hivyo. Lakini pembeni mwa ile lami mvua ilikuwa imekula udongo wote. Lami inaishia kama ukingo wa kitanda, halafu ni chini, mawe na mifereji. Ukishusha gurudumu moja tela inaanguka, ukishusha la pili inaanguka tena. Nikaona kichwa cha Bibi kikidunda. Nikakaza mikono, nikabaki katikati ya upande wangu.

Nikiri jambo moja la kuchekesha: na mimi nilikuwa nanung'unika. Namwangalia yule mzee wa baiskeli najisemea, jamani baba, si ushuke usukume! Nyuma yangu wananitukana mimi kwa maneno hayohayo.

Honi zikawa wimbo. Mmoja anabonyeza kwa kukatakata, mwingine ameweka mkono hatoi. Bibi akaanza kujigeuza.

"Hao wanalia nini?"

"Wana haraka, Bibi. Tulia."

"Si uwapishe?"

"Hapana pa kupisha."

Nafasi ikapatikana upande wa pili, Noah ikachomoka. Ilipofika ubavuni mwangu, dereva akateremsha kioo. Kijana kama mimi, kofia ameigeuza nyuma.

"Oya! Barabara ya baba yako hii?"

"Samahani kaka!"

"Umebeba mayai?"

"Afadhali mayai!" nikamjibu, na kweli nilikuwa namaanisha, lakini yeye akaona namfanyia mzaha. Akanipita, akakata mbele yangu, akasimama. Nilivuta breki polepole, kidogo kidogo, nikimsikia mdogo wangu akisema, "Nimemshika, nimemshika." Tela ikatulia bila kuruka. Mzee wa baiskeli alishaenda zake mbele, hana habari.

Yule kijana akashuka, akafunga mlango kwa kishindo. Abiria wake wakatoa vichwa madirishani. Nilikuwa najua kinachofuata, maana nimewahi kuchapwa kofi kwenye barabara hiyohiyo kwa kosa hilohilo. Nikashuka nami, mikono juu, nikasimama kati yake na tela.

"Gari lina watu hili! Watu wana safari zao! Wewe unakuja na kopo lako..."

"Mwadila, baba," sauti ikasema nyuma yangu.

Ni Bibi. Amekaa, amejifunika khanga, bandeji nyeupe imefunika upande mzima wa uso. Hamwoni, anaelekeza uso kwenye sauti tu.

Sasa, kwetu salamu ya mtu mzima hairukwi. Unaweza kuwa na hasira, unaweza kuwa na panga mkononi, utajibu kwanza. Yule kijana mdomo ulikuwa wazi na tusi lilikuwa njiani. Akalimeza. Akavua kofia, akachuchumaa palepale juu ya lami.

"Mwadila, Bibi."

"Mhola?" Yaani, ni salama?

"Mhola, Bibi."

"Watoka wapi?"

"Binza. Maswa pale."

"Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama yako?"

"Yupo, Bibi."

"Ng'ombe?"

"Bibi, mimi naishi mjini, sina ng'ombe..."

"Huna hata mmoja? Utaoa na nini?"

Ndani ya Noah wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Mjibu bibi, utaoa na nini?" Na nyuma yetu foleni inapiga honi, watu wa mbali hawajui kwamba mbele wanasalimiana. Kijana anageuza shingo kwao, anarudisha kwa Bibi, na kunyanyuka hawezi kwa sababu hajaruhusiwa.

Nikamwambia haraka haraka: ametoka kupasuliwa jicho, ndilo limebaki hilo, siruhusiwi kumrusha, angalia pembeni palivyo. Akaangalia pembeni. Akaangalia bandeji.

"Sasa si ungesema, dogo?"

"Ungenisikia?"

Akavaa kofia. "Nenda. Mimi nakaa nyuma yako na taa za hatari, mpaka pembeni pakae sawa. Wakitaka kumtukana mtu wanitukane mimi." Abiria mmoja akalalamika, kijana akamwambia, "Shuka basi utembee." Akaisogeza Noah upande wa pili tupite, akaja kukaa mgongoni mwetu. Tukaondoka.

Mimi nikashusha pumzi. Nikaliona basi langu tena, na mapazia yake.

Tukamkuta mzee wa baiskeli bado kwenye kilima. Tulikuwa hivyo, furushi la pamba, pawatila, Noah inawakawaka, na mkia mrefu nyuma, wakati mdogo wangu alipopiga kelele, "Lori! Linapita! Linatupita wote!"

Nililisikia kabla sijaliona. Na mbele, juu ya kilima, likatokeza basi.

Lori lilikuwa upande wa basi. Basi likapiga honi ndefu, halina pa kwenda. Lori likafika ubavuni mwangu, ukuta wa turubai na magurudumu yanayonizidi urefu, likaanza kuinama kuja kwangu. Kijana wa Noah akapiga honi yake mfululizo. Mbele yangu mzee wa baiskeli, akasikia, akageuza shingo tu, hana nguvu za zaidi.

Nikibaki, lori litanibana juu ya yule mzee. Nikishuka, jicho.

"Mshike!" nikapiga kelele, nikakunja kushoto.

Tela ikaanguka gurudumu la kwanza. Ikaanguka la pili. Nilisikia godoro likipiga ubao, nikasikia mdogo wangu akitoa sauti kama ameumwa na kitu, na Bibi sikumsikia kabisa. Lori likaingia ile nafasi niliyoacha, likampita mzee kwa upana wa kiganja, upepo wake ukamlaza na pamba yake majanini. Basi likapita. Vumbi. Kisha kimya, ila injini yangu, tu-tu-tu.

Mzee alikuwa ameinuka anajipangusa. Kijana wa Noah anakuja mbio. Mimi nilikuwa nang'ang'ania ile mikono, siwezi kugeuka.

"Bibi?" nikaita bila kugeuka.

"Bibi!"

"Endesha," akasema. "Twende nyumbani."

Nilipogeuka nilikuta kiganja chake kimeifunika bandeji. Mdogo wangu kiwiko kilikuwa kinatoka damu, alikuwa amekiweka kati ya kichwa cha Bibi na ubao. Kijana wa Noah na mzee wa pamba walitusaidia kuinyanyua tela kurudi lami. Njia iliyobaki Bibi hakuuliza hata tumefika wapi, yeye ambaye huuliza kila mti.

Asubuhi zahanati ilikuwa na watu wachache. Nilisimama karibu na mlango, nikajiandalia maneno ya kumwambia kama jicho halitaona. Muuguzi mmoja wa wale waliotumwa akabandua plasta taratibu, akaondoa pamba, akasafisha, akasema, "Fumbua, Bibi."

Akafumbua. Akafumba. Akafumbua tena, machozi yakateremka. Akaangalia ukuta, dirisha, mdogo wangu na kiwiko chake kilichofungwa kitambaa. Akaniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, unaniona?"

"Sogea."

Nikasogea, nikapiga magoti. Akanyoosha vidole, hakupapasa hewani kama siku zote, vilikuja moja kwa moja hadi kidevuni kwangu, vikazishika nywele zangu chache za pale na kuzivuta.

"Kumbe una ndevu," akasema. "Lini?"