Fundi Cherehani Aliyetangaza Mawimbi

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa ya mwisho kabla ya ufuo, na dirisha lake lilitazama bahari moja kwa moja. Ndiyo maana daktari wa meno wa mjini, mgonjwa wa kuteleza na ubao juu ya mawimbi, alimpigia simu kila Jumamosi asubuhi kabla ya kujitosa na wenzake kwenye ile njia ya mchanga inayomeza magurudumu.

"Shikamoo mama. Mawimbi yanasemaje?"

"Marahaba. Yamelala doro, baki na mkeo." Au siku nyingine: "Yamesimama kama milango, na upepo unatoka nchi kavu. Njooni!"

Hakuwahi kukosea, ingawa mwenyewe, kwa miaka yake hamsini na tisa, hakuwahi kulowesha hata goti. Bahari, alisema, aliipa heshima yake kwa mbali.

Jumamosi moja aliikalia miwani yake, ikavunjika. Simu ilipolia akaona haya kusema. Akakodoa macho dirishani, akaona weupe mrefu ukiinuka na kuanguka.

"Mwanangu, leo ni makubwa ajabu!"

Magari matatu yakaja. Yalizama mchangani mara nne, na watu wazima wenye vyeo vyao wakasukuma huku wakitweta. Walipofika, bahari ilikuwa shwari kama maji ya karai.

"Mama, mawimbi yako wapi?"

Wifi yake, jirani wa ukuta kwa ukuta, akatokeza kichwa. "Mawimbi gani? Wifi, si ulikuwa unatazama mashuka yangu kwenye kamba!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini daktari alicheka mpaka akakaa chini. "Basi, mama, adhabu yako ni kuingia majini. Bahari kama hii ndiyo inayomfaa mwanafunzi."

"Mimi? Na uzee huu?"

"Nenda," wifi akasema, "au mtaa mzima utasikia ya mashuka."

Fundi akapiga gauni fundo, akalala kifudifudi juu ya ubao, ameukumbatia kama aliyekamata mwizi. Kikaja kijiwimbi cha kimo cha kifundo cha mguu. Daktari akasukuma. Fundi akaenda akipiga mayowe, akimwita marehemu mumewe aje amwokoe, hadi ubao ukakwama ufuoni naye akabiringika puu!

Wifi akamkimbilia. "Umeumia?"

Fundi akatema mchanga, akamgeukia daktari.

"Wewe, mbona umesimama? Nirudishe majini!"