Mguu wa Kulia wa Fundi

Mume wangu alianza kwa kuisingizia cherehani. Miaka thelathini ameikanyaga bila malalamiko, halafu ghafla ikawa nzito. Akaitia mafuta, bado nzito. Akabadilisha mkanda. Akaifungua tumbo lote, akalitandaza mezani juu ya suruali ya mteja, akalirudisha, wapi! "Imezeeka hii," akasema, huku anausugua mguu wa kulia. Mimi nakaa meza ya pili, kazi yangu vifungo na mapindo, na kunyamaza si kazi yangu. Nikamwambia ondoka hapo. Nikakaa, nikakanyaga. Cherehani ilikwenda laini kabisa.

"Baba watoto, si cherehani. Ni mguu."

"Mguu una nini? Mguu wangu huu huu?"

Hapo ndipo roho yangu ilipopanda juu, na mpaka leo haijashuka vizuri.

Nikaanza kumchunga. Akishona nusu ya mkono wa koti anaacha, anajifanya anatafuta uzi. Tukienda kununua vitambaa, kila baada ya maduka manne matano anasimama kutazama vitu visivyomhusu. Siku moja alisimama mbele ya duka la mabibi harusi, akalikodolea macho shela. Nikamuuliza, unaoa? Akacheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka. Shavu la mguu lilikuwa linamkaza. Akisimama kidogo linaachia, akitembea tena linarudi pale pale. Mimi nikaona ni uchovu tu wa mtu anayekaribia sitini. Kwa hiyo nikafanya lile la mke mwenye akili: nikamnunulia mota, ikafungwa kwenye cherehani, asikanyage tena. Wateja walinisifu. Mwenyewe nilijisifu zaidi.

Miezi mitatu alikaa. Chai nilimletea pale pale, chakula pale pale, hata kiberiti cha sigara zake nilimletea pale pale, Mungu anisamehe. Mguu ukazidi. Ikafika mahali kutoka dukani hadi nyumbani, mwendo wa dakika tano, anasimama mara mbili. Nikasema imetosha. Nikafunga duka mchana kweupe, nikamkokota hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko kitindamimba wetu. Alimpima presha mkononi, halafu akamfunga kile kitambaa kwenye kifundo cha mguu. Fundi akanitupia jicho, kwamba huyu mtoto hajui presha inapimwa wapi. Kumbe anajua sana.

"Mzee, presha ya mguuni ni kama nusu tu ya ile ya mkononi," alisema. Akatueleza polepole: mishipa inayotoa damu kwenye moyo kuipeleka mguuni imekuwa migumu, na ndani yake mafuta yamejijenga ukutani miaka na miaka, njia imebaki nyembamba. Akikaa, damu hiyo kidogo inamtosha. Akitembea, msuli unataka zaidi, haupati, ndiyo unauma.

"Na mishipa ikiwa hivi mguuni, mara nyingi iko hivi hata kwenye moyo na kichwani," akaendelea. "Mimi hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Sigara ngapi kwa siku?"

"Tatu," akajibu mume wangu.

"Tatu kabla ya chai," nikasema. Akanikanyaga chini ya kiti, tena kwa ule mguu mzima.

Akaandikiwa dawa ya presha, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu na ya kuzuia damu isigande. Sigara marufuku, hata nusu. "Na kutembea," daktari akasema.

Nikaruka. "Kutembea! Mwenzio nimemnunulia mota asiutumie!"

Hakucheka. Akasema atembee mpaka mguu umuume sawasawa, asimame mpaka uachie, aendelee, nusu saa, siku nyingi za wiki. Msuli utajifunza kutumia damu kidogo, na mishipa midogo ya pembeni itasaidia. "Mama, maumivu haya hayauharibu mguu. Kukaa ndiko kunakouharibu. Ila akipata kidonda mguuni, au ukimuuma hata amekaa, mlete siku hiyo hiyo."

Nilitoka pale nimejikasirikia mpaka masikio yanawaka. Mimi ndiye niliyemkalisha!

Fundi yeye akalichukua jambo hili kama kazi ya mteja. Siku ya kurudi hospitali aliiandika kwenye daftari la oda, katikati ya sare za shule na gauni la mtu, ya kukabidhiwa baada ya miezi sita. Na mume wangu, ambaye hajawahi kukabidhi nguo siku aliyoahidi, safari hii alikazana. Alitembea. Alimeza dawa. Sigara ilimtesa vibaya: alifokea wateja, alikata suruali ya mtu ikawa kaptura, alilia chooni akidhani sisikii. Nami nilimfuata nyuma kila jioni, naye akisimama mimi nazunguka, naenda mbele, narudi, situlii. Mwanzoni alifika tangi la maji. Baadaye akafika geti la shule, kisha akalipita.

Miezi sita ilipotimia alivaa shati jeupe. Daktari akafurahi: mwendo umeongezeka maradufu, mafuta yameshuka.

"Basi nimemaliza," mume wangu akasema. "Dawa naacha lini?"

"Huachi, mzee. Mishipa hairudi kuwa ya zamani. Tunaizuia isizidi. Hii ni ya siku zote."

Nyumbani akatupa dawa mezani. "Kazi gani hii isiyo na siku ya kukabidhi!" Akalala na nguo zake.

Asubuhi nikaamka, kitanda kitupu, viatu hakuna. Moja kwa moja nikajua: kioski cha sigara. Nilitoka mbio na nguo ya kulalia, matusi yamejipanga mdomoni. Muuza kioski akatikisa kichwa, hajamwona. Sasa ndiyo nikaogopa kweli. Nikakimbia mpaka ng'ambo ya barabara kubwa, mbali kuliko tulivyowahi kufika, nikamkuta ameshika ukuta, ameinama.

Nikamnusa mdomo. Hamna kitu.

"Unanitafutia nini presha na mimi?" nikamfokea. "Kwa nini hukuniamsha?"

"Sikutaka unione." Alikuwa anautazama mguu. "Kila nikisimama hivi, nadhani sitaondoka tena. Naogopa, mke wangu."

Miaka yote ya ndoa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Matusi yote yalinikauka. Nikashika ule ukuta karibu na mkono wake nikasimama, mimi nisiyejua kutulia, watu wakitupita wanakwenda kazini, mpaka aliposema shavu la mguu limeachia.