Viatu Vimeelekea Barabarani

Mtaani Malki, kila kijana mwenye gitaa na nywele za kumfika mabegani hujidai anaujua wimbo wa Bah Welborn, Bah ikiwa ndiyo heshima tunayompa mwanamume. Wanaupiga matangani, wanaupiga harusini, maana sisi watu wa Shillong, mji wetu wa milimani, hatuoni haya kumliza bibi harusi kwenye karamu yake mwenyewe. Wanafumba macho, wanakunja nyuso kama waliokanyaga msumari, na wakifika kwenye kiitikio wanapaza sauti hata mbwa wa jirani wanawajibu. "Viatu vyako vimeelekea barabarani, birika langu bado halijachemka." Watu hulia. Ukiuliza maana yake, hata muuza samaki atakwambia kwamba Bah Welborn alitendwa na mchumba enzi za ujana wake, akatunga wimbo, akaapa kutooa. Sote tuliamini hivyo, na kila aliyesimulia alitia chumvi kidogo.

Daribha naye aliamini, na yeye ndiye aliyestahili kujua zaidi. Bah Welborn alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na walikaa chini ya paa moja tangu azaliwe. Daribha ni kitindamimba wa kike, na kwetu kitindamimba wa kike ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba hurithi vyote: mabati yanayovuja, vyungu vya bibi, shughuli za ukoo na wajomba wasiooa. Alikuwa na kibanda cha chai na jadoh kwenye kona ya kushukia kanisani, na wali wake ule uliopikwa kwa damu ya nguruwe ulikuwa ukiisha kabla wavivu hawajaamka. Mikono yake ilijua kisu na upawa. Gitaa aliligusa utotoni tu, kwa nyimbo za shule ya Jumapili.

Kisha kiharusi kikampiga mjomba. Kilimchukua mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, kikampinda na mdomo. Daktari alimwita Daribha pembeni akamwambia moyo umechoka, mgonjwa apewe anachotaka. Alichotaka Bah Welborn hakikuwa mchungaji wala supu. Alitaka kuusikia ule wimbo kama ulivyokuwa, kabla hajafa.

Wakaitwa vijana. Wa kwanza hata ubeti hakumaliza. "Huyu anatafuta mke," mjomba akasema kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Wa pili alilia machozi ya kweli, na mjomba akaomba atolewe nje apoe. Walipokwisha kukataliwa wote, alimgeukia mpwa wake, na Daribha akajua kazi imemwangukia yeye, kama kazi zote za nyumba ile.

Alijifunza kila alipofunga kibanda. Uzi mnene wa juu ulilegezwa mpaka ukawa unanguruma kwa chini. Kidole cha pete kilitakiwa kikae mahali kisipopataka, na uzi mmoja uachwe wazi uimbe wenyewe. Ncha za vidole zilimvimba, akawa anamenya vitunguu huku ameuma meno. Mjomba alimpigia mapigo kwa mkono wa kulia kwenye ubao wa kitanda. Vidole vilipokubali, Daribha akatia huzuni, na huzuni hakuikopa popote, maana alikuwa anamwona mtu aliyemlea akiisha mbele ya macho yake. Aliupiga polepole, sauti ikitetemeka, na majirani wakasimama dirishani wakipangusa macho.

"Siyo," mjomba akasema.

Akaupiga kwa nguvu, siyo. Akauimba kwa kunong'ona, siyo pia.

"Siyo nini, mjomba? Niambie nirekebishe."

"Sijui. Siyo tu."

Hapo Daribha alipandwa na hasira kwelikweli. Mtunzi gani hajui wimbo wake unataka nini? Alimwambia hivyo, akamwambia na mengine yasiyofaa kuambiwa mgonjwa, kwa sababu ugonjwa haumgeuzi mgonjwa kuwa malaika, wala anayemwuguza.

Kesho yake mvua ilikuwa inapiga mabati ya kibanda, naye ameinama juu ya moto akisubiri maji, wimbo unamzunguka kichwani. Birika langu bado halijachemka. Mkono wenye majani ya chai ukasimama hewani. Birika la nani? Huku kwetu, tangu dunia iumbwe, mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, na mambo yakiharibika mwanamume ndiye anayebeba sanduku. Nyumba ni ya mwanamke, jiko ni lake, na birika ni lake. Anayetazama viatu vya mwenzake vimeelekea barabarani ni yule anayebaki ndani. Sote tumezaliwa katika nyumba za mama zetu, na sote tuliuimba wimbo ule miaka nenda miaka rudi bila kuliona jambo hilo, kwa kuwa tu aliyetuimbia alikuwa na ndevu. Daribha aliwaacha wateja na sahani mikononi, akapanda kilima na aproni yake ikichuruzika maji.

"Mjomba," akasema hata hajavua viatu, "ule wimbo umetungwa na mwanamke."

Mjomba aligeuza uso ukutani.

"Ni wa Trinsibon," akasema.

Daribha alikaa sakafuni. Trinsibon alikuwa mamkubwa wake. Huyo ndiye aliyekuja kila Jumapili baada ya ibada na shuka yake ya miraba na kikapu cha popoo na tambuu, akakaa jikoni na kuwakosoa watu wote mapishi yao. Alimbeba Daribha mgongoni. Alikuwa mtu wa ukoo wao, mjane, watu walisema, wa huko Mairang. Bah Welborn alimwita dada, naye alimwita Bah Welborn kaka.

"Alikuwa mke wangu," mjomba akasema.

Akaeleza kwa shida, maneno yakimtoka yamekatika. Ujanani bendi yao ilikwenda kupiga Mairang, akampenda msichana aliyepiga gitaa kuliko wao wote, akahamia kwao. Majina ya koo zao yalikuwa tofauti, kwa hiyo hakuna aliyetia shaka. Wakapata mtoto wa kike. Siku ya kumpa jina wazee wa pande zote mbili waliketi na kibuyu cha pombe, kwa desturi ya wale wasioiacha dini ya zamani: pombe humiminwa tone baada ya tone huku majina yakitajwa, na jina ambalo tone litang'ang'ania mdomo wa kibuyu lisidondoke, hilo ndilo la mtoto. Kazi ilipokuwa inaendelea, mzee mmoja, kwa kujionyesha tu, akaanza kuwataja mabibi wa kale wa ukoo wake. Mzee wa upande wa pili akamkatiza. Mmoja wa mabibi hao alikuwa bibi yao pia. Zamani za njaa koo mbili hizo zilikula kiapo kuwa tumbo moja, na kiapo hicho vijana hawakuwahi kuambiwa. Basi waliooana walikuwa kaka na dada, na kwetu hakuna mwiko ulio mkubwa kuliko huo.

Kibuyu kiliwekwa chini. Kabla ya adhuhuri Welborn alikuwa njiani na sanduku lake, na mtoto hajapewa jina. Mvua zilipokolea mtoto akafa kwa homa. Wazee wakasema, mmeona?

Lililobaki ndilo lililomshtua Daribha zaidi. Mwiko ule uliowaachanisha ndio uliowapa ruhusa ya kuonana. Kwa kuwa sasa alikuwa dada, Trinsibon alikuwa na haki ya kuja kumjulia hali kaka yake mchana kweupe. Mara ya kwanza alipokuja alishusha gitaa ukutani, akaupiga wimbo ule, akasema ni wa redioni. Mama yake Daribha, aliyekuwa mwenye nyumba enzi hizo, hakudanganyika. Alimwondolea gitaa mikononi kwa upole, akamkumbusha kwamba nyimbo za mapenzi haziimbwi mbele ya kaka. Trinsibon hakuligusa tena. Welborn alikuwa ameushika wimbo kwa kuusikia huko kumoja, bendi ikaupiga, watu wakampa yeye sifa, na hakuweza kukana bila kumtaja mwenye wimbo.

"Maisha yangu yote nimeupiga vibaya," akasema. "Nilitaka kuusikia kama alivyoupiga yeye. Na wewe usimwambie kitu."

Jumapili ilipofika Daribha alimwaga chai, akamenya kitunguu kilichokwisha kumenywa. Hakuweza kumtazama mamkubwa usoni. Kutoka chumbani alisikia pumzi ya mjomba inavyokwaruza, fupi kuliko ya jana, na akajua pengine Jumapili nyingine haipo. Alijua pia kwamba mwiko ukivunjwa ndani ya nyumba humrudia mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni yeye, na wanawe wanalala humo. Aliogopa, asikwambie mtu. Hata hivyo alishusha gitaa, akaingia chumbani ambako Trinsibon alikuwa amekaa kando ya kitanda akikata popoo, akavuta kigoda na kuanza.

Kisu kilisimama katikati ya popoo. Bah Welborn alifumba macho kwa aibu. Daribha aliendelea, machozi yakimtiririka mpaka kwenye nyuzi, akafika kwenye kiitikio cha birika.

"Acha," Trinsibon akasema.

Daribha aliacha. Alingoja laana.

"Unalia nini?" mamkubwa akamwuliza. Sauti yake ilikuwa ileile ya kukosoa mapishi. "Anayeimba hajajua bado. Mjomba wangu mimi, mmoja wa wale wazee, alivigeuza viatu vya huyu kwa mguu wake vielekee barabarani, ndiyo kumfukuza, mimi niko jikoni napuliza moto. Nilipoviona nikadhani mtu anakwenda kununua sukari. Huo ni wimbo wa mtu anayeharakisha chai, Daribha. Wewe unaupiga kama umeshazika." Akanyoosha mkono. "Lete."

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa uzee, akakosea, akarudia, akasonya. Kisha wimbo ukamtii. Aliupiga upesiupesi, karibu kwa furaha, kama mtu mwenye shughuli nyingi asubuhi, na aliimba kwa sauti ndogo ya kujiimbia. Daribha alikuwa ameusikia wimbo ule tangu utotoni, na kumbe hakuwahi kuusikia. Kwa jinsi ulivyokuwa mwepesi ulimchoma kuliko vilio vyote vya vijana wa Malki, na alijiziba mdomo kwa aproni ili asiuharibu.

Ulipokwisha, Trinsibon aliendelea kulitazama gitaa. Kwa mgonjwa hakutazama.

"Siku ile wazee walikuwa wanabishana," akasema. "Hakuna aliyekuwa anaangalia kibuyu. Mimi nilikuwa naangalia kutoka mlango wa jiko, maneno yao siyasikii. Tone lilikuwa limekwisha kunasa."

Bah Welborn alifumbua macho.

"Lilinasa kwenye Ibanri," Trinsibon akasema. Ndipo akamgeukia, akamwita kama kila mke wa kwetu anavyomwita mumewe, kwa jina la mtoto wao. "Umesikia, Baba Ibanri?"

Midomo ya mzee ilihangaika kwa muda. Mate yalimtoka na Daribha akainuka kumpangusa, lakini Trinsibon alimzuia kwa mkono, wakangoja wote wawili, mpaka kwa ule upande uliobaki mzima Bah Welborn akalitamka jina la binti yake, kwa mara ya kwanza tangu amzae.